Njia ya Maji Kwenye Shimo la Mwisho

Kwa miaka kumi na tisa, Mama Mashimo ndiye aliyetangulia kukanyaga umande wa uwanja ule wa gofu. Kila alfajiri huziba mashimo ya jana, hutoboa mapya, husimika bendera, kisha humwagilia nyasi. Kucheza, marufuku kwa wafanyakazi. Mchezo alijifunzia nyuma ya banda la mashine, kwa fimbo iliyotupwa na vipira alivyoviokota bwawani.

Ndipo meneja, katika kuchangamsha wanachama, akaropoka: mfanyakazi yeyote akimaliza mashimo matatu ya mwisho kwa mapigo kumi na manne, wafanyakazi wote watacheza kila Jumatatu. Wanachama wakacheka. Mashimo hayo matatu yamewaliza wengi wao.

Wenzake wakamchagua yeye. Shemeji yake, fundi wa mashine za kukata nyasi, akabeba fimbo, jasho likimtoka kuliko mchezaji.

Shimo la kumi na sita, ng'ambo ya korongo: mapigo matano. La kumi na saba, lililozungukwa na maji pande tatu: manne. La mwisho hupanda kilima katikati ya mitego ya mchanga, na alipofika kwenye nyasi fupi juu kabisa, alibakiwa na pigo moja. Bendera ilikuwa hatua kumi na tano mbele, pembeni mwa mteremko mkali.

"Shemeji," fundi alinong'ona, "shimo umelichimba mwenyewe asubuhi. Ulishindwa nini kuliweka katikati?"

"Leo ni zamu ya kona hii. Ningelihamisha, wangesema tumejipendelea."

"Basi tumekwisha."

"Wewe shika bendera, acha kunitia kiwewe."

Akasimama, akaipa bendera ubavu, akaelekeza fimbo upande wa jiko la klabu. Vicheko vikalipuka.

"Mama, shimo liko huku!" mwanachama mmoja alipaza sauti. "Au umesikia njaa?"

Hakugeuka. Akagusa kipira kama anayembembeleza mtoto.

Kipira kikapanda tuta, kikasita, kikageuka. Fundi alikuwa amepita hapo na trekta mara elfu, wala hakujua ardhi ile ina mkondo. Lakini shemeji yake alikuwa ameyatazama maji ya mpira wa kumwagilia kila alfajiri, yakizunguka tuta na kushuka polepole kwenye kona hii. Kipira kikafuata njia ile ile, bila haraka, kana kwamba kinaelekea nyumbani. Kelele zikakatika. Hata mhudumu aliyebeba sinia alisimama kama sanamu.

Kikatumbukia.

Meneja alivua kofia, akabaki nayo mkononi.

Mama Mashimo alikuwa ameshapiga magoti, akibonyeza kwa kidole gumba ukingo wa shimo uliomomonyoka kidogo.

"Bosi," aliuliza bila kuinua kichwa, "Jumatatu tuanze saa ngapi?"