Shangazi Aniuliza Maji Yamekaa Wapi

Usiku ule nilipanda kitandani na hasara ya shilingi laki nane na elfu kumi na mbili. Kiwanja laki saba na nusu, karatasi ya mauziano elfu hamsini, soda na nauli za mashahidi elfu kumi na mbili. Nilihesabu mara mbili. Mara ya pili haikupungua.

Kosa lilikuwa la mtu anayejiona mjanja wa bei. Nilinunua bondeni wakati wa kiangazi. Muuzaji alianzia milioni moja na laki mbili, akashuka bila hata kukuna kichwa, nami nikadhani ni ulimi wangu. Suala la kupimwa nikaliacha kwa baadaye.

Kwetu hapa kando ya mto huweki tofali kabla kamati ya ardhi haijakupima. Wanakuja na ule mpira mrefu unaopitisha mwanga, ambao mafundi huujaza maji kutafuta usawa. Ncha moja wanaishikilia kwenye mnazi wa karibu, penye mstari mwekundu wa pale mafuriko makubwa yalipofika. Ncha ya pili unaishika mwenyewe, umesimama katikati ya kiwanja chako, unatangaza mbele ya majirani maji yamekaa wapi mwilini mwako. Katibu anaandika. Chini ya goti, jenga, ila inua msingi. Kuanzia goti kwenda juu ni kulima, na dungu la miti la kulindia ndege. Mimi nilitamka "kifuani". Majirani walijitahidi wasicheke, wakashindwa.

Basi jioni ile akanipigia simu mwalimu mgeni, mama mwenye mtoto mmoja, amehamishiwa shule yetu juzi tu. Amesikia nauza kiwanja, ana laki tisa taslimu, atakuja asubuhi tuandikishane. Hakuuliza habari za maji. Sikumwambia. Faida elfu themanini na nane, na hiyo nayo niliihesabu mara mbili. Nikasinzia vizuri kabisa.

Nikajikuta kiwanjani. Mwanga ulikuwa kama wa alfajiri, lakini jua halikuwepo upande wowote. Shangazi Mwajuma alikuwa anakuja kwa miguu kutoka upande wa mto, mpira umezungushwa begani, kanga haina hata tone la tope. Nilijua amekufa. Mimi mwenyewe nililishika jeneza lake. Ila ndotoni jambo hilo halikuwa na uzito, lilikuwa kama kujua kwamba fulani amehama mtaa.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyeiongoza kamati ile mpaka alipofariki. Kupima kwa mwili kulikuwa ni wazo lake. Alisema mita ni za wenye futi mfukoni, goti kila mtu analo. Na siku ya kwanza kabisa hakuanza na jirani. Alikwenda kusimama ndani ya jiko lake mwenyewe, akashika ncha, akatangaza "pajani", akalibomoa jiko kwa shoka huku chai ikiwa bado motoni. Mwaka mzima alipikia uani chini ya turubai. Baada ya hapo nani angembishia?

Ananipa ncha. Naishika. Maji yanapanda, yanatulia.

"Yamekaa wapi, baba?"

"Kifuani, shangazi. Lakini sikiliza, tuelewane. Kifuani si shingoni. Mtu anatembea, anatoka. Nihesabie kama kiunoni, na hicho kiuno nipunguzie shubiri mbili, tunafika gotini, biashara imeisha."

Anacheka kile kicheko chake cha puani. Maishani mwake hakuwahi kunipunguzia bei ya kitu, hata nazi.

"Lala."

Kumbe tumo ndani ya chumba. Kuta sijazijenga, lakini zipo, zimepigwa lipu na rangi. Kuna kitanda cha futi nne. Nalala. Ananiwekea ncha ya mpira kando ya uso, na maji yako juu sana, nayatazama kama mtu anayetazama dari.

"Goti lako ukisimama liko wapi? Na pua yako ukilala? Pima. Si wewe ndiye mpenda kuhesabu?"

Napima kwa kiganja kutoka sakafuni. Shubiri mbili na vidole vitatu hadi gotini. Shubiri mbili na vidole vitatu hadi puani. Narudia. Ni vilevile. Miaka yote nilidhani goti lilichaguliwa na watu waliochoka kubishana. Nataka kumwambia kwamba hiyo ndiyo hesabu safi kuliko zote nilizowahi kuziona, na mdomo hautii.

"Maji hayaji kukukuta umesimama," anasema.

Kisha kitandani siyo mimi tena. Amelala mtoto nisiyemjua, sare ya shule imetundikwa msumarini juu yake. Shangazi ananirudishia ncha ya mpira, kwa upole, kama mtu anayerudisha chenji.

"Haya. Mtangazie mama yake."

Nikaamka nimekunja ngumi, mkono uko usawa wa uso. Adhana ya alfajiri ilikuwa haijaisha. Sikungoja chai, nilimpigia mwalimu nikamweleza yote: mnazi, mstari, kifuani, na kitanda.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Jana ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua, mwalimu."

"Na ungeniuzia."

"Ningekuuzia. Na ningekunywesha soda."

Akaniuliza ni mtaa gani ambako maji hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu, nikamtajia, nikaongeza na jina la mwenye kiwanja na bei ya kuanzia, ambayo ni nusu ya atakayotajiwa. Dalali yeyote asingenisamehe.

Mwanamke wangu bado hajaamka. Anajua leo tunapokea laki tisa, na jana alishachagua kitambaa cha mapazia. Sasa nyinyi mliooa siku nyingi kuliko mimi, nishaurini: nianze kumsimulia ndoto, au nianze na simu?