Msumari wa Nne

Msichana mwenye mimba ya kwanza akiniuliza ni lini aanze kutafuta mtu wa kumlelea mtoto, humjibu kwamba amechelewa. Kama tumbo limeshaonekana, amechelewa. Wengine hucheka wakidhani natania. Sitanii hata kidogo, na yeyote anayetaka kubishana nami kuhusu jambo hili aje akiwa ameshiba.

Mimba yangu ya kwanza niliibeba jinsi nilivyofunzwa, kimyakimya. Kwetu magharibi, na hata pale mjini, Kaloleni tulipokuwa tukiishi mimi na mume wangu, mtoto ambaye hajazaliwa hakutajwa. Hukumnunulia kofia, hukumshonea kitu, na kumtafutia mlezi ndiko kulikuwa kuleta uchuro wenyewe. Basi mimi, mjinga wa watu, nikanyamaza. Nikajifungua salama mtoto wa kiume, miezi miwili ya likizo ikaisha, na mtu wa kumshika sina. Msichana tuliyeahidiwa kutoka nyumbani hakuja. Jirani aliyeniambia "usijali, tutasaidiana" akapata kibarua chake. Nilipofika kiwanda cha nguo nilikokuwa nikishona, wiki moja baada ya siku niliyotakiwa, nilikuta dada mwingine ameketi kwenye cherehani yangu akishona kola. Supavaiza hata hakuinua kichwa. Miaka mitatu nikafua nguo za watu mferejini, na cheti changu cha ushonaji kimelala sandukuni.

Nilikasirika, na hasira ile sikuitua. Kwa hiyo kiwanda kiliponichukua tena, kijana wangu akiwa ameshaanza nasari, na muda si muda nikajiona nina mimba ya pili, sikungoja ruhusa ya mtu. Hata mume wangu alikuwa bado hajaambiwa.

Nyuma ya nyumba zetu aliishi mama mmoja mtu mzima, Mwislamu mwenye asili ya pwani, ambaye sote tulimwita Bibi. Alilea watoto wa akina mama wa viwandani, watatu tu kwa wakati mmoja, na hakuzidisha hata umbembeleze vipi. Sebuleni kwake palikuwa na ubao wenye misumari mitatu. Mama aliyetaka nafasi alileta leso, Bibi akaitundika, na tangu siku hiyo msumari ule ukawa wa mtoto wake, amezaliwa au hajazaliwa. Leso hiyo ndiyo ya kumtandikia, kumfunika na kumbebea. Mtoto akifika umri wa nasari, leso inarudi kwa mamake imefuliwa. Na kama mimba imeharibika, mama alikuja akaitoa leso yake msumarini akaenda zake bila kusema neno. Bibi aliuona msumari mtupu akaelewa, akawakusanya wanawake wenzake wakaenda kumpa pole. Kwa njia hiyo mwenye uchungu hakulazimika kulitamka.

Nikapeleka leso yangu, nyekundu ya maua meupe, tumbo likiwa halijaanza hata kujitokeza.

"Mwanangu, una haraka wewe," Bibi akacheka.

"Haraka yangu ina miaka mitatu, Bibi," nikamjibu.

Mama mkwe alikuja kutoka nyumbani mimba ikiwa na miezi saba, na kuku wawili na mkungu wa ndizi. Alikuwa mwema, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, na alichosikia mferejini alikisikia nusunusu. Hata hivyo habari ya leso aliisikia nzima. Jioni ile hakula.

"Umetundika nguo ya mtoto ambaye hajaja? Ukutani kwa watu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kaitoe."

"Siitoi, Mama."

Mume wangu, fundi seremala, mtu wa kupima ubao mmoja mara tatu, akainua mikono. "Mimi simo," akasema, akatoka kwenda kunoa msumeno uliokuwa hauna kosa lolote.

Kesho yake, mimi nikiwa kazini, mama mkwe akajifunga kitambaa kichwani akaenda kwa Bibi. Alimkuta katika sala ya adhuhuri, amesujudu, watoto wote wamelala. Hakungoja. Akaitoa ile leso nyekundu msumarini, akaikunja, akaitia kwapani, akaondoka. Alidhani ameniokoa. Bibi alipomaliza sala na kugeuka, aliona msumari mtupu. Angejuaje kwamba aliyeichukua si mimi?

Jioni naingia nyumbani, miguu imevimba, nakuta nyumba imejaa. Wanawake sita wameketi chini, leso vichwani, kimya kabisa. Pembeni pana sukari na majani ya chai waliyoleta. Na mama mkwe, masikini, anazunguka na birika, uso umechangamka! Alidhani wamekuja kumwamkia yeye mgeni.

Bibi akainuka. Akanitazama usoni, kisha macho yakashuka tumboni, yakabaki hapo.

"Subhanallah! Mwanangu, si umeitoa leso?"

"Leso gani, Bibi?"

Mtoto naye, kama aliyekuwa akisikiliza, akapiga teke hata nguo yangu ikatikisika. Mmoja wa wale wanawake akaanza kigelegele, akajiziba mdomo katikati. Nami nikamgeukia mama mkwe, maana hapakuwa na mwingine wa kugeukiwa.

"Mama, leso iko wapi?"

Akaweka birika chini. Nikaona ameanza kuelewa ni chai ya nini aliyokuwa akiwamiminia watu.

"Umekimbia uchuro," nikamwambia, "ukamwekea matanga mtoto aliye hai. Sasa niambie, uchuro ni upi?"

Aliitoa leso kwenye kikapu chake bila kuniangalia. Nilidhani yameisha, kumbe bado. Bibi akanishika mkono, akaniambia kwamba msumari wangu umeshapata mtu. Mama mmoja mjamzito wa kiwanda cha sabuni alikuwa amemsihi tangu mwezi uliopita, na mchana ule ule, baada ya kuona msumari mtupu, Bibi alikuwa amempa neno lake.

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Niliuona mgongo wa yule dada akishona kola zangu. Niliiona mifereji, na mikono yangu ndani ya sabuni ya watu. Kumpokonya yule mama sikutaka, naye alikuwa na kazi yake ya kulinda. Lakini kurudi nyumbani kukaa, ng'o.

Nikachukua nyundo ya mume wangu na msumari wa inchi tatu, nikatoka. Wanawake wakanifuata, mama mkwe nyuma yao, majirani wakajaa milangoni. Kwa Bibi sikupiga hata hodi. Nikaupigilia msumari wa nne kwenye ule ubao, pigo la tatu likakosea nikajigonga kidole, nikaendelea. Nikaitundika leso yangu.

Bibi alinitazama kwa upole. "Msumari si kazi, mwanangu. Kazi ni mikono. Huyu wa nne nitamshika kwa mikono ipi?"

"Ya huyu," nikasema, nikamwonyesha mama mkwe.

"Mimi? Nina mahindi yangu shambani!"

"Mahindi yana shemeji zangu watatu, Mama. Uliogopa mtoto huyu asije akapotea. Basi kaa umshike."

Watu waliguna. Kumwambia mama wa mumeo maneno kama hayo mbele ya kadamnasi! Yaliwauma, na waliendelea kuyasema kwa miezi. Wacha yaume.

Mama mkwe akaketi kwenye mkeka. Aliposema, alisema kwa lugha yetu, polepole, na mimi peke yangu nilimwelewa.

"Kabla ya mume wako nilizika wawili. Wote wawili nilikuwa nimewashonea nguo."

Hakuwahi kuniambia. Hakumwambia hata mwanawe. Nilimwonea huruma, nikachuchumaa kwa shida na tumbo langu lile, nikamshika magoti.

"Pole, Mama," nikamwambia. "Lakini leso inabaki."

Akanishika mkono akaniinua. Kisha, bado amenuna, akataka nimuulize Bibi kama chai anakunywa ya maziwa au ya rangi.

Nilizaa msichana. Siku likizo ilipoisha nilimpeleka kwa Bibi asubuhi na mapema, nikamkuta mama mkwe ameshafika na ameshagombana na mwenyeji wake kuhusu namna ya kufunga nepi. Nikawaacha hapo. Nikavuka reli kwa miguu, na kiwandani nikakuta msichana mmoja ameketi kwenye cherehani yangu anajifunza kola, supavaiza amesimama nyuma yake.

"Tulidhani hutarudi leo," supavaiza akasema. "Nyinyi akina mama mkishazaa..."

"Leo ndiyo siku yangu," nikamkata. "Simama, dada. Mwenye kiti amefika."

Akasimama. Nikashona mpaka kengele ya chakula, maziwa yakinilowesha blauzi, na sikuomba ruhusa ya kwenda kujifuta. Kiti kile nilikikalia mpaka nilipochoka nacho mwenyewe.

Mama mkwe alikaa nasi mwaka wa kwanza, akakaa na wa pili. Mahindi yalivunwa bila yeye na hakuna aliyekufa njaa. Jumapili moja, mke wa mwanawe mdogo, aliyekuwa akiishi Makongeni, alikuja kututembelea. Nilikuwa jikoni nikamsikia akimnong'oneza mama mkwe kwamba mwezi ule hajaona siku zake. Nikaacha kukoroga. Nilikuwa nangoja kusikia neno uchuro, na jibu langu nilikuwa nalo mdomoni.

Sikulisikia. Nikachungulia. Mama mkwe alikuwa amesimama, anafungua leso kiunoni mwake mwenyewe, ile aliyokuja nayo kutoka nyumbani, na fundo lilimshinda mara mbili. Akaikunja, akamtia yule msichana mkononi.

"Msumari mmoja utakuwa wazi mwezi ujao," akamwambia. "Nenda kwa Bibi ukaahidiwe sasa hivi, kabla sijaogopa tena."