Ntu Yumo Humu Humu

Bado watu wananisimamisha pale steshenari kuniuliza namba saba ya kitabu changu cha katuni inatoka lini. Nawajibu nimebanwa na kazi. Ni uongo. Kazi yangu hapa Chikongola, Mtwara mjini, ni kutoa fotokopi, kuchapa barua za watu na kulaminisha vyeti, na mchana mwingi nakaa tu napigwa na feni. Namba saba haitoki kwa sababu naona aibu, na aibu yenyewe sijawahi kumsimulia mtu mwanzo hadi mwisho.

Kitabu cha kwanza kilikuwa na kurasa kumi na mbili, karatasi zilizokunjwa katikati na kupigwa stepla mbili. Nilikichora usiku mbili tatu nyumbani, nikakitoa kwenye mashine ya kazini siku bosi alipokwenda msibani. Nilikiita Karani na Bibi. Karani ni mstaafu wa bandari, mwembamba, ana kalamu tatu mfukoni na hawezi hata kupiga chafya bila kufungua faili. Bibi anauza ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoichemsha huku kwetu na kuila kwa chumvi na pilipili. Ni mfupi, mnene, kilemba chake kimekaa upande, na hajui kusoma. Wawili hawa wanapeleleza. Nani kala pilau ya harusi kabla ya bwana harusi kufika? Nani kamficha jogoo wa mgeni rasmi? Karani anaandika maelezo ya mashahidi kwa Kiswahili cha ofisini, Bibi anajikwaa, anaangusha kitu, na mwizi anaonekana. Kisha Bibi ananyoosha kidole, mara nyingi kwa mtu asiyehusika, na kusema maneno yale yale kila toleo: "Ntu yumo humu humu!"

Watu walivunjika mbavu. Walimu walinunua, vijana wa bandarini walinunua, wengine walizipiga picha kurasa na kuzirusha kwenye magrupu ya simu. Nilipofika namba nne nilikuwa naingia hotelini na kusikia mtu nisiyemjua akimwambia mwenzake aliyepoteza funguo, "Ntu yumo humu humu!" Nilikuwa nakaa meza ya jirani, najikausha, moyoni nimevimba kwa furaha.

Sasa niseme Bibi nilimtoa wapi.

Wazazi wangu ni watu wa bara. Baba alikuja Mtwara kwa kazi ya bandari, mama alipangiwa kufundisha shule ya msingi Mikindani, na tulipanga nyumba huko huko. Nyuma yetu aliishi mwanamke mmoja wa Kimakonde, mjane, aliyeuza ming'oko kwenye geti la shule. Mama alipokuwa kazini mimi nilikuwa kwake. Nilikula kwake, nililala mchana kwenye mkeka wake, na nilipoanguka na kuchubuka goti ndiye aliyenipulizia. Nilimwita bibi. Yeye aliniita ntoto. Hakusema mtoto hata siku moja. Kwake mkate ulikuwa nkate, mchele ulikuwa nchele, mkeka ulikuwa nkeka, kama wanavyosema wengi huku. Hicho ndicho Kiswahili nilichojifunza kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaongea na mimi.

Mama hakukipenda. Jioni nikiomba nkate, alichukua rula yake ya mbao na kunigonga vidole. "Mkate. Funga midomo. Mmm-kate." Nilijifunza kufunga midomo. Nilipopelekwa kusoma sekondari bara, neno moja la kibibi lilinitoka bwenini, nchele, na kwa muhula mzima nikaitwa Nchele. Baada ya hapo halikunitoka tena lolote. Nilirudi Mtwara nikiongea kama redio.

Kilichonisumbua zaidi baadaye si lafudhi tu. Kesi ya kwanza ya Karani na Bibi ilitokea kweli, nikiwa darasa la tatu. Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwa waya kwenye mwarobaini. Jumatatu moja tukaikuta haipo. Mwalimu mkuu akawahoji darasa la saba, akawachapa, hakupata kitu. Bibi alikuwa getini na sufuria yake, anawasikiliza wakilia. Akamwita mwalimu mkuu akamwambia, "Tafuteni nyumba iliyotupa mafiga."

Alikuwa ameona, wakati anapita na mzigo wake kichwani, mawe matatu meusi yametupwa nje ya banda la mama mmoja muuza chai. Mwanamke hatupi mafiga yake akiwa bado anapikia. Tena chai ya mama huyo, iliyokuwa inachelewa kila siku, wiki hiyo ilikuwa inawahi. Walimu walikwenda, wakaikuta rimu yetu chini ya birika, ina makaa ndani. Mumewe aliuziwa kama chuma chakavu, au ndivyo alivyosema. Siku ya pili bibi aliitwa mbele ya mstari. Akasema, "Nilijua ntu yumo humu humu." Tulimpigia makofi hadi viganja vikauma. Siku hiyo niliwaambia wenzangu wote kwamba ni bibi yangu.

Kwenye kitabu changu, Bibi anajikwaa kwenye rimu, anaanguka kifudifudi, birika linamwagika, na Karani anatangaza kwamba ameshaitatua kesi kwa kufuata kanuni. Akili yake yote niliitoa nikaitupa. Nilichobakiza ni mdomo wake. Karani nilimchora kwa sura ya baba yangu, na baba alitoka na heshima zake zote. Nisingethubutu kumchora baba amelala kifudifudi.

Bibi yangu alisikia kwamba nimeandika kitabu. Alinitumia salamu kwa dereva wa bodaboda anayemfahamu, niende nikamsomee. Nikaenda Mikindani Jumapili na namba moja mkononi, nikaketi naye barazani, nikaanza. Nilipofika sentensi ya kwanza ya Bibi, ulimi ukagoma. Iliandikwa, "Mie ntu nzima, nnaona kwa macho!" Nikasoma, "Mimi ni mtu mzima, naona kwa macho." Nikaendelea hivyo hivyo hadi mwisho. Kila ntu nikamgeuza mtu. Pale anapojikwaa nikasema anainama na kukagua. Nilikuwa natunga nikiwa nimeshika kitabu, na jasho linanitoka.

Alifurahi mno. "Huyu mwananke anauza nini?"

"Ming'oko."

"Kama mie!" Akapiga paja lake. "Na kazi ya upelelezi anaijua?"

"Anaijua sana, bibi."

Akaniomba kitabu, akakifunga kwenye nailoni na kukiweka kwenye sanduku la kanga zake. Nikarudi mjini nikijiambia kwamba nimemfurahisha mzee wa watu na hakuna aliyeumia. Nikachora namba mbili.

Mwaka jana mwenyekiti wa mtaa wa bibi aliniita nikaandike muhtasari wa mkutano, kwa kuwa nachapa haraka. Ajenda ilikuwa bomba la maji la mtaa wa chini, karibu na kwa bibi, ambalo lilikuwa linatoa maji kidogo kuliko mkojo wa mbuzi. Mwenyekiti alitaka lihamishiwe juu, barabarani. Kwa wazee wa chini hilo lilikuwa na maana ya kupanda mlima na ndoo kila asubuhi. Wengi walikuwa wanaitikia tu, mkutano unakaribia kufungwa, bibi akasimama.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amevaa kanga mpya, pea. Akaweka mikono yote miwili kifuani kama alivyofanya mbele ya mstari miaka ile.

"Ndugu zangu," akasema, "bomba hili halina ubovu. Kuna ntu..."

Kutoka viti vya nyuma mtu akapaza sauti: "Yumo humu humu!"

Ukumbi ukalipuka. Walicheka wazee, walicheka akina mama wenzake, mwenyekiti alicheka akifuta macho kwa leso. Bibi akangoja wanyamaze. Akafungua mdomo tena, akasema "Ntu", na wakaanza upya. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta nguo yake ilipochanika. Kisha akaketi.

Na mimi nilicheka. Lazima niliseme hili, maana ndilo linaloniamsha. Sikucheka kwa sauti, lakini kicheko kilinipanda chenyewe, na kwa nukta moja nzima, kabla ya kujua kinachotokea, nilijisikia fahari kwamba mtaa mzima umeshika maneno yangu. Kisha nikainamia daftari. Nikaandika: "Mjumbe mmoja alitaka kuchangia lakini hakuendelea." Ikapitishwa bomba lihamishwe, na mkutano wa pili uitwe kuthibitisha fundi na siku.

Nilikaa miezi bila kwenda kwake. Nilijipa visingizio vyote anavyojipa mtu mwoga: mvua, msimu wa mitihani ambao steshenari hujaa, bosi hanipi nafasi. Nilipanga maneno ya kumwomba radhi nikayapangua. Juzi nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, nikaenda.

Nilipiga hodi, nikampa shikamoo.

"Marahaba," akajibu. Kisha akabana midomo kama anayezuia maji yasimwagike. "Karibu, mmm-toto wangu. Kaa hapo kwenye mmm-keka."

Nilibaki nimesimama na mfuko wa sukari. Akatabasamu.

"Nimesema sawa?"

"Sawa, bibi."

"Najifunza. Mkutano ni Jumamosi, na safari hii sitaki wacheke." Akaniwekea ming'oko kwenye sahani na chumvi pembeni. Akaniambia kwamba jirani yake alimsomea kile kitabu, na alivyokisoma yeye kilikuwa kimejaa matusi. "Nikamwambia, hujui kusoma wewe. Mmm-toto wangu alinisomea mwenyewe, hakuna maneno hayo mle. Watu wanakusingizia. Wana wivu na kazi yako."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno niliyoyapanga yote nilikuwa nayo. Nikachukua ming'oko, nikachovya chumvi, nikatafuna. Mwanamke huyu alimpata mwizi wa kengele kwa kutazama mawe matatu, na sijui kama kweli hajui kwamba maneno hayo niliyaandika mimi. Labda anajua na ameamua kunifichia. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Badala yake nikamuuliza atasema nini mkutanoni. Akaniambia. Kuna nyumba moja upande wa juu wa bomba, ukuta wake una unyevu, na chini ya ukuta huo mchicha umeota kiangazi chote, mbichi, wakati kila bustani ya mtaa imekauka. Mwenye nyumba kachomeka mpira wake kwenye bomba la watu wote. Ni hilo tu. Alikuwa analijua siku ile ile aliyosimama, na angelisema kwa sentensi mbili.

Kisha akasimama, akaweka mikono kifuani, akaugeukia ua wake kama vile kuku wale ndio wajumbe. Akaanza kwa sauti ya polepole, ya kisomo.

"Mdugu zangu," akasema. "Bomba letu halina ubovu. Kuna mtu amechomeka mpira wake, mje ya ukuta."

Nikaona Jumamosi yote mbele yangu. Nikawasikia wakicheka kuliko mara ya kwanza. Alikuwa amefunga midomo kila mahali, hata pasipotakiwa, kwa kuogopa.

"Ni ndugu, bibi," nikasema. "Si mdugu. Na ni nje."

"Ndugu?"

"Ndugu."

"Kama nilivyokuwa nasema zamani?"

"Kama ulivyokuwa unasema."

Akacheka, cheko lake la siku zote, la kutikisa mabega. "Kumbe nyingine nilikuwa nasema sawa!" Akaketi karibu yangu, akafikiri, akanitazama usoni. "Na ntoto, je?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Ningeweza kumwambia kwamba nililelewa na neno hilo, kwamba mtu aliyelipeleka ukumbini likachekwe ni mimi, aende nalo Jumamosi akiwa ameinua kichwa nami nitasimama upande wake. Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mama na rula yake.

"Hiyo ni mtoto, bibi."

Alibana midomo. Alijaribu mara mbili bila sauti, kisha akaipata.

"Mtoto," akasema. "Haya, mtoto. Kula, inapoa."