Vipimo Viwili, Daftari Moja

Nilimpiga mume wa jirani yangu mchi wa mgongo, na nasema wazi kwamba sijutii. Alikuwa kambana mkewe ukutani, uani kwetu Tandika, mkanda wa suruali kauzungusha mkononi, upande wa chuma ndio unaotua. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshavunjika, unaning'inia. Nilipoinua mchi mara ya pili, mwanamume akanigeukia, uso umejaa alama za makucha ya mkewe.

"Unanipigia nini? Si wewe uliyeandika kwamba ana kaswende?"

Kweli, niliandika mie.

Miaka hiyo zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, zikaota kila mtaa. Nilikuwa mpimaji wa maabara katika mojawapo, hukohuko Temeke. Mfanyabiashara mmoja alimletea daktari, mwenye zahanati, kipimo kipya cha kaswende: kikaratasi, unadondosha damu, dakika chache jibu limetoka. Daktari alitaka kujua kama kinaona sawasawa na kile cha zamani cha hadubini, ndipo akinunue kwa wingi. Akaniambia niwapime wajawazito wote kwa vipimo vyote viwili, tulinganishe.

Kazi ya namna hiyo inataka watu wawili, kila mtu na daftari lake, asijue mwenzie kaona nini. Hapo kwetu nilikuwepo mie peke yangu. Naanza na kikaratasi, naandika jibu, halafu nahamia kwenye hadubini, daftari liko wazi pembeni. Macho hayana pazia. Kikaratasi kikisema ugonjwa upo, nazitafuta chembe zilizoshikamana, ndiyo dalili ya ugonjwa, mpaka nizipate. Kikisema haupo, natupa jicho mara moja, nimemaliza. Basi vipimo vikawa vinakubaliana ajabu, daktari anafurahi, na mie mjinga najiona fundi.

Damu ya yule jirani kikaratasi kilisema inao. Kwenye hadubini niliona kaukungu tu, si zaidi. Kama ningekuwa sijaona jibu la kwanza, ningeandika hana. Niliandika anao. Daktari akamwita mumewe ili wadungwe sindano wote wawili, na mwanamume hakungoja hiyo sindano.

Asubuhi baada ya ule ugomvi nilichukua damu ya jirani iliyobaki kwenye friji ya zahanati, pamoja na za wanawake wengine watano. Nikabandika namba tupu, nikampelekea dada mmoja niliyesoma naye, alikuwa akifanya kazi Kinondoni. Sikumwambia chochote. Akazisoma zote kwa hadubini yake. Ya jirani yangu ilikuwa safi. Mbili nyingine nilizoandika kwamba zina ugonjwa nazo zilikuwa safi.

Nilimpelekea daktari karatasi ya majibu. Hata hakuisoma hadi mwisho.

"Vipimo vimekubaliana, dada. Unatafuta nini tena?"

Nikamwambia vilikubaliana kwa sababu nilivikubalisha mie. Akanishika bega anitoe nje. Nikamwaga boksi zima la vile vikaratasi sakafuni, nikavikanyagakanyaga. Akanisukuma kwa nguvu, mdomo ukapiga kona ya meza. Siku hiyo nilipoteza jino la mbele na kazi.

Nikaenda kwa jirani mdomo umevimba. Alikuwa kakaa mkekani, mkono kwenye plasta, mumewe anamkorogea uji. Nikawaeleza yote, hata habari ya daftari, hata wale wanawake wengine wawili. Mwanamume akaacha mwiko, akapiga magoti, akaanza kulia.

"Mama watoto, nisamehe."

Mkewe hakumtazama. Alinitazama mie.

"Nilimwambia sina," akasema. "Akanijibu, mtaalamu kaandika."

Akainuka polepole kwa kuegemea ukuta, akaja. Nilidhani anamwendea mumewe. Akanizaba kofi la mkono wa kushoto, ndio mzima aliokuwa nao, palepale penye kidonda cha jino. Damu ikanijaa mdomoni. Sikuinua mkono.

"Yeye hana akili, nilishamjua," akasema. "Wewe umesomea. Haya, toka. Hao wengine wawili nao wana waume."