Mgeni Niliyemtembeza Ngomeni Alikuwa Akimtafuta Mpangaji Wetu

Assalaam aleikum. Admin, nifichie jina, maana Amu, yaani Lamu, ni ndogo na sote twajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, naishi na mamangu, na kazi yangu ni kutembeza wageni.

Orofa ya juu kwetu amepanga mwanamke, nitamwita Zuhura. Alikuja kutoka bara na bintiye mdogo, na yeye mwenyewe mkono mmoja umepinda kwa kuvunjwa. Alituambia amemkimbia mumewe. Mama hakumdadisi. "Mtu hakimbii nti yake, kwao alikozaliwa, bure," aliniambia. Zuhura alikuwa hata dirishani hasogei. Siku hizi ndiyo ameanza kucheka.

Juzi hoteli moja ya Shela ikanipigia, kuna mgeni ataka kutembezwa nusu siku, Ngome na mji wa kale. Nikakutana na mwanamume mpole, anaongea taratibu, ananiita "dada yangu". Ngomeni nilimwonyesha vyumba walimofungwa watu zamani. Akauliza jambo moja tu: "Walikuwa wakijaribu kutoroka?" Nikajibu huenda. Akatabasamu.

Juu ya Ngome wageni hupiga picha za bahari. Yeye aliipa bahari mgongo, akawa anatazama madari ya nyumba za watu na nguo zilizoanikwa.

"Mwanamke akihamia hapa na mtoto, hupata nyumba mtaa gani?" akauliza, kisha akanipa simu. "Unamjua huyu?"

Alikuwa Zuhura, kavaa nguo za harusi.

"Simjui."

"Tazama vizuri, dada yangu. Ni mke wangu. Ameniibia mtoto."

"Wallahi simjui." Nimeapa uongo, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Hakubisha. Akasema tuendelee. Nikampitisha vichochoro vya mbali na kwetu, namweleza milango ya nakshi. Kumbe siku hiyo madrasa iliwahi kutoa watoto. Tukakutana nao uso kwa uso, na binti wa Zuhura akanirukia, akanishika buibui: "Anti! Twende nyumbani!"

Yule mtu akachuchumaa mbele yake. Hakumgusa. Alimtazama sana, akasema, "Umekua." Mtoto akajibana miguuni pangu, kisha nikahisi mkojo wake umelowesha miguu yangu.

"Ahsante, dada yangu," akaniambia. "Matembezi yamekuwa mazuri." Akaenda zake. Hoteli wanasema ameongeza siku, hakusema atakaa hadi lini.

Nilipomweleza Zuhura hakulia. Alikunja nguo za mtoto, akazikunjua, akazikunja tena. "Kila nikihama, yeye hunipata," alisema. "Na polisi yeye huwaonyesha cheti cha ndoa, mimi naonekana mwizi wa mwanangu." Mama ataka abaki, tuwaite wanaume wa mtaani na wazee wa msikiti wajue. Zuhura ataka kuvuka kwenda kisiwa cha Pate, lakini kwa ndugu gani? Hana mtu.

Leo asubuhi mama amefungua mlango, amemkuta yule mtu ameketi baraza ya jirani na kikombe cha kahawa. Akamwamkia mama kwa adabu kabisa, akauliza kama "mjukuu wake", yaani binti wa Zuhura, ameamka.

Bado yuko hapo ninapoandika. Tumtoroshe Zuhura, au tusimame naye hapa hapa? Ndugu zangu, aliyepitia haya aniambie sasa hivi, nifanye nini?