Mikono ya Sista wa Chanjo

Muuguzi wa chanjo katika kliniki yetu ya Mowlem ana mikono isiyotulia: ikikosa mtoto, hukunja pamba iliyokwisha kukunjwa. Tangu ije chanjo ya kifua kikuu ya aina nyingine, watoto kadhaa wamevimba tezi kwapani, na mama zao huwaleta kana kwamba wanaleta ushahidi mahakamani. Yeye hutupa jicho mara moja, kisha husema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukuma wiki: "Usiguse, usikamue, usipake kitu. Itaisha yenyewe. Ikitunga usaha, niletee." Mama Abrar, aliyekuja na kitunguu cha kukandia tezi ya mwanawe, alirudi nacho nyumbani akakitia kwenye mboga.

Jana binti wa muuguzi mwenyewe, Mukai, alimletea mjukuu mwenye tezi kama harage. Muuguzi akaigusa. Akampeleka dirishani kwenye mwanga, akaipapasa tena. Mtoto akacheka, maana kwapa ni kwapa.

"Mum, si wewe husema itaisha?"

"Hao huwa ni wa watu. Huyu ni wangu."

Mama Abrar, ambaye tezi ya mtoto wake ilishaisha na alikuwa amemleta kupimwa uzito tu, aliinuka benchini, akampokonya mjukuu kwa adabu.

"Sista," akasema, kwa sauti ileile ya sukuma wiki, "usiguse."

Muuguzi akarudia pamba zake.