Fimbo ya Hallgren

Bomu liliangukia jiko la Janvier asubuhi, siku ile Goma ilipokuwa ikipigwa kila upande. Binti yake Fabiola alimkuta ameegemea ukuta kama mtu aliyechoka, tumbo limepasuka. Alifungua kitenge chake akalikandamiza, damu ikapita katikati ya vidole. Walimzika uani, katika shimo walilochimba kwa sururu kwenye mawe ya volkano, risasi zikipita juu ya mabati, na Lionel, mdogo wake Fabiola, akiapa kwamba yeye hatafia mji huu.

Fabiola alikuwa fundi cherehani mtaa wa Ndosho. Nywele zake zilikuwa na wekundu, kama za marehemu. Kwa nywele hizo Janvier alipigwa sana utotoni huko Masisi. Watoto wenzake walimwita mzungu wa magendo, na siku moja wakamvunja taya. Naye alijikinga kwa majivuno. "Baba yangu alikuwa mkulima kutoka Uswidi," alipenda kusema. "Alilima pareto, akapendana na mama yangu Asteria, halafu malaria ikamuua." Katika sanduku la bati alitunza cheti chake cha ubatizo kilichosema baba hajulikani, picha ya mwanamume mrefu mwenye fimbo, na daftari la shamba lililoandikwa lugha ambayo hakuna aliyeijua nyumbani.

Baada ya mazishi Lionel ndiye aliyelikumbuka sanduku. Alitafuta mtandaoni jina lililoandikwa kwenye jalada la daftari, Anders Hallgren, na mama mmoja mzee wa Uswidi, mtoto wa ndugu yake Anders, akajibu kwa furaha.

"Hao bazungu batatutoa hapa," alimwambia dada yake. "Soma ile daftari, tafuta kitu ya kuonyesha sisi ni damu yake."

Fabiola akaketi na simu, akipiga picha ukurasa baada ya ukurasa, simu ikimtafsiria kwa Kifaransa. Mvua. Ndama aliyekufa. Kisha fimbo. Kila juma kulikuwa na mtu aliyechapwa, na kosa lake: amechelewa, amejibu, ameangusha gunia. Alipofika kwenye jina la Ntirenganya alisoma mara mbili. *Amechapwa mbele ya wote kwa kuiba maziwa. Amekufa jioni. Maua ya pareto yamepakiwa kama kawaida.* Na juma lililofuata: *Dada yake, Asteria, ameletwa jikoni. Analia. Atazoea.*

Fabiola alilifunga daftari.

Alipanda pikipiki hadi Lac Vert, nje ya mji, kwa Shangazi Lucie, aliyechangia mama na Janvier na aliyefika huko baada ya kukimbia kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Shangazi alikuwa akimenya mihogo. Aliposikia jina la Ntirenganya, kisu kikasimama.

"Nani alikuambia hilo jina?"

"Muzungu mwenyewe. Aliandika."

Shangazi alifuta mikono. "Hakukufa na malaria, mutoto yangu. Mama alikuwa na mimba ya baba yako, kubwa. Yule mutu akamupiga teke ya tumbo sababu supu haina chumvi. Mama akakamata shoka ya kuni. Alimukata hapa," akagusa shingo, "na akaendelea kukata hata kisha yeye kufa. Wafanyakazi ndio walichoma nyumba na yeye ndani. Wakaambia Wabelgiji alilewa, akaangusha taa."

"Na daftari?"

"Mama aliitoa ndani mbele nyumba ichomwe. Hakujua kusoma, lakini kila siku alimuona akiandika akimaliza kupiga mutu."

"Papa alijua?"

"Hapana. Mama alisema mutoto anapigwa kila siku sababu ya baba yake. Angalau amupende huyo baba."

Jumapili Uswidi ikapiga simu. Mama mzee alionekana kwenye kioo cha simu, mwenye mvi safi, binti yake akimtafsiria kwa Kifaransa. Alisema kwao Anders alililiwa miaka mingi, mkulima mpole aliyefia motoni. Je, wao walijua lolote?

"Alikuwa mutu muzuri sana," Lionel alijibu haraka.

Fabiola akamnyang'anya simu. Alisoma kurasa zile moja moja, akasimulia shoka, bila kupandisha sauti. Yule mama aliziba mdomo. Kioo kikawa cheusi.

Lionel alimpiga ngumi ya kwanza Fabiola akiwa bado ameshika simu. Ya pili ilimng'oa jino. Kisha akainua kigoda, kikamshukia begani, mfupa ukalia. Akiwa chini, mkono wa Fabiola uligusa mpini wa pasi ya mkaa, iliyokuwa bado na moto. Akainuka nayo, akaisukuma mbele hadi akanusa nywele za mdogo wake zikiungua. Lionel akapiga yowe akiwa amebanwa ukutani. Fabiola alimwona anavyotetemeka, akaona na mkono wake mwenyewe usivyotetemeka, na hilo likamtisha kuliko ngumi. Akaiweka pasi chini.

"Toka."

Lionel aliondoka siku hiyohiyo kwa barabara ya Rutshuru, kwenda Uganda. Uswidi haikupiga tena.

Bega lilipoanza kupona, Fabiola alimwendea katekista akaomba misa. Padri alipowataja marehemu alisema Janvier, kisha Asteria, kisha Ntirenganya. Shangazi Lucie, ambaye alikatazwa na mama yake kulitamka jina hilo, alipiga ukelele kanisa zima likageuka, na Fabiola akamshika kiunoni kwa mkono wake mzima.